Nakala Tatu, Karibu na Stesheni

Mlekwa, weka bahasha mezani, si juu ya mashine.
Mashine ina joto na bahasha yako ina jasho.
Mwangaluka kwanza. Kazi haitafutwi bila salamu.

Nakala moja shilingi mia. Ushauri siuzi,
unatoka wenyewe, kama wino huu unaovuja upande wa kushoto
ambao fundi wa Ng'ambo ameshindwa kuuziba.

Nimesoma wasifu wako ulipokuwa unapita kwenye mwanga.
Samahani. Nasoma za wote.
Hapa kwenye uzoefu umeandika: Hakuna.
Hakuna?
Nani alisimamia mizani ya tumbaku ya mjomba wako kule Urambo,
misimu mitatu, bila mkulima hata mmoja kurudi kulalamika?
Nani anashika daftari la chama cha kuzikana, mtaani kwenu Isevya,
na haijapotea hata shilingi ya sanda?
Futa hilo neno. Kaa kwenye kompyuta, sikutozi.
Andika kilo, andika miezi,
andika jina la atakayekuthibitishia,
na jioni ya leo mpigie, asije akaulizwa habari zako
akashtuka kama aliyepigiwa na polisi.

Lakini hapa, "Kiingereza: fasaha", punguza.
Nyamizi wa Cheyo aliandika hivyohivyo.
Wakamgeuzia lugha mezani,
akabaki anahesabu vigae vya sakafu.
Na kazi alikuwa anaijua kuliko wao.

Namba ya simu ni yako,
au ya rafiki anayeizima akidaiwa?

Kesho nenda mpaka hilo ghala la asali, kwa miguu,
ujue geti ni lipi, ujue mlinzi anaitwa nani.
Usaili unaanzia kwa mlinzi.
Shati hilohilo linatosha, ila kola igeuzwe, mwone Kapela.
Viatu usiazime.
Kiatu cha kuazima huongea kabla ya mwenye mguu.

Wakikuuliza udhaifu wako, usiwaambie unafanya kazi kupita kiasi.
Wamelisikia hilo tangu saa mbili asubuhi
na njaa inawauma.
Wape ukweli mdogo: huwa unarudia hesabu mara tatu,
foleni inarefuka,
sasa unajifunza kurudia mara mbili.
Usilolijua sema hulijui, kisha sema utamuuliza nani.
Wakinyamaza, nyamaza.
Ukimya si ndoo, si lazima ujazwe.
Na mshahara, ulizia kwa wenzako kabla.
Usiseme "chochote",
maana chochote ndicho watakachokupa.

Yule kijana wa stendi, mwenye miwani,
anayesema toa elfu hamsini jina lako lipande juu:
watu wake wote hupita hapa,
na sijawahi kutoa nakala ya risiti yake hata moja.

Vyeti halisi waonyeshe, kisha rudi navyo.
Wao waachie hizi zangu.

Mimi? Nilisailiwa mara moja, reli.
Mwishoni wakaniuliza kama nina swali. Nikasema sina.
Nilikuwa nalo.
Miaka kumi na moja sasa, bado ninalo.
Wewe uliza. Uliza aliyekikalia hicho kiti kabla yako
alikwenda wapi, na kwa nini.

Haya, nakala tatu. Mia tatu. Nenda.

*

Wanaokosa hurudi.
Wanataka tatu nyingine, hawanitazami usoni,
nami nawachagulia karatasi nyeupe zaidi
nikijifanya ndizo zilizo karibu.
Wanaopata hawana shida na mimi tena.
Kwa hiyo hesabu yangu naipiga kinyumenyume,
kwa nyayo zisizopanda ngazi hii.

Mlekwa, kalamu yako bado iko hapa,
kifuniko umekitafuna.
Mvua za kwanza zimepita,
uyoga umeuzwa barabarani mpaka umekwisha,
na sijakuona tangu Agosti.

Usije kuichukua.