Huyu Namjua

Dadi, kinywaji cha meza ya dirishani kimerudi.
Mara ya pili hii, na sasa mgeni hakusema kitu,
amekisukuma kwa kidole kimoja
kama mtu anayerudisha noti iliyochanika.

Njoo hapa. Weka chini hiyo sukari.
Kila ukikosea unakimbilia sukari.
Ukali haufi kwa utamu, unajitanda kanga tu,
ukifika kooni unaivua.

Onja. Usikigugumie!
Dondosha mgongoni mwa mkono, lamba, nyamaza.
Tekila yenyewe haina kosa:
moshi kwa mbali, na majani mabichi yaliyofyekwa asubuhi.
Ila ndimu umeikamua mpaka ganda likalia,
na uchungu wa ganda sasa umekaa pembeni ya ulimi
kama karani wa ghala siku ya malipo ya korosho,
yupo, anakutazama, hakusaidii.

Na pilipili uliloweka lini?
Juzi.
Nilikwambia saa moja, Dadi. Kichaa tatu, mbegu nje, saa moja.
Chupa hii waliiacha watu wa gesi
walipofunga masanduku yao wakaihama Shangani,
haina ndugu mji mzima wa Mtwara,
na wewe umeilaza na pilipili siku mbili
kama vile umewafungisha ndoa.

Haya. Tuiokoe.
Nusu ya hiyo, nusu ya chupa safi.
Lete juisi ya mabibo, ile ya mtungi wa nyuma.
Unaona haikamati meno?
Mama yangu, Bi Sijaona wa Nanguruwe,
alikuwa anatia uji mwepesi wa mhogo, anafunika, anakwenda zake kupalilia.
Akirudi, ukakasi umeshuka wenyewe chini
kama tope.
Hakugombana nao. Aliupa kitu cha kushikana nacho.

Wanywaji wa uraka walimfuata kutoka vijiji vitatu
na yeye hakunywa hata siku moja:
tone mkononi, ulimi, kimya,
kisha “bado” au “kesho.”

Chumvi. Kidogo. Hiyo ni ya kukaangia samaki, punguza!
Chumvi haiji kuonekana.
Inakuja kumwambia uchungu: sogea, wenzako wakae.

Nikwambie jambo, huku tunatikisa.
Mama alipata homa mwaka juzi,
ikaondoka na ladha zake zote.
Jumapili nilimpelekea kisamvu cha karanga, akatafuna akitazama ukuta.
“Umenipikia maji,” akasema.
Nikamlambisha ndimu. Maji.
Asali ya Newala. Maji mazito.
Mwanamke aliyejua kwa tone moja
bibo lililookotwa kabla ya umande na lililookotwa baada!

Kisha akanyoosha mkono kwenye kibakuli,
akachukua pilipili moja, mbichi, akaiuma nzima.
Nilisimama. Nilitafuta maji.
Jasho likamtoka puani, machozi yakashuka,
akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka
kama hajacheka tangu homa ile.
“Huyu,” akasema, “huyu namjua.”

Tangu siku hiyo nimeelewa, Dadi, pilipili haina ladha.
Ni mguso. Ni mtu anayekushika bega gizani.
Ladha zikihama zote, yeye bado yumo ndani ya nyumba.
Kwa hiyo usimtumie kutisha watu.
Mweke mwisho, nyuma ya ndimu, nyuma ya bibo,
mgeni aseme “aa, tamu,” ashushe glasi,
ndipo aguswe.

Bado. Usiende bado.
Barafu nayo ni kiungo, iache itoe maji yake.
Hesabu mpaka kumi na tano.
Kumi na nne, basi, kinatoka jasho.

Peleka.
Na lile tone lililobaki kwenye kitikisio usilimwage.
Nitie kwenye kichupa.
Nanguruwe kuna mtu
wa kuniambia kama ni bado, au kesho.