Ukili wa Jiwe

Ndoo moja ya kokoto ni mia saba,
kwa hiyo jiwe siliulizi kabila.
Nalilaza juu ya tairi bovu, napiga,
na jioni vidole vyangu havikunjiki.

Jumanne ile nyundo ilikuwa imeshapanda.
Ndipo nikauona: ukili.
Ukili wa miyaa minane, huu huu
aliousuka bibi Mwavita hapahapa Mtongani,
unapita juu, unapita chini,
umechongwa kwenye tumbawe, na kona yake moja
imekosewa, ikarudiwa.
Nyundo niliishusha kando taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia begani.

Chausiku akacheka: "Umeokota dhahabu?"
Lori la Kisesa lilikuwa linapiga honi.

Nikalifunga kwa khanga, nikashuka Kunduchi
hadi kwenye magofu ambayo miaka kumi na tisa
nimeyapa mgongo.
Pazi, kijana wa getini mwenye daftari la wageni,
akanidai kiingilio.
"Mgeni ni huyu," nikamwambia, nikafungua khanga.

Hakusema kitu. Alilibeba kati ya makaburi,
akapita nguzo yenye vishimo vya bakuli zilizobanduliwa,
akafika penye ukuta wenye pengo,
akalijaribisha.
Halikuingia.
Lilikuwa la ukuta mwingine,
ukuta ambao huenda sasa ni zege
chini ya ghorofa la mtu, Tegeta, Mikocheni,
huenda niliuvunja mwenyewe, ndoo kwa ndoo,
nikanunua unga.

Nyuma yetu, krrr, krrr.
Mwanafunzi, fundo la tai limemlegea,
msumari wa inchi tatu mkononi,
ubavuni mwa kaburi ameshamaliza S.
Nikamdaka kifundo.
"Jina lako?"
"Shaweji."
"Aliyechonga hapa, Shaweji, mbona lake hakuliandika?"
Hakunijibu. Aliutazama mkono uliomshika,
makovu yake, vumbi jeupe ndani ya kucha.
"Kwani wewe, mama, unafanya kazi gani?"

Pazi akajifanya anaandika.

Kesho yake nilirudi kwenye tairi langu;
watoto hawali ukili.
Ila kila jiwe nalipindua kwanza,
nalipangusa kwa upindo wa khanga, upande huu, upande ule.
Chausiku anasema nimeanza kusoma uzeeni.
Nilikuwa natoa ndoo nane kwa siku.
Sasa ni sita.