Dimbwi Nambari Thelathini na Moja

Kwenye ramani ya baba yangu, Torvald,
madimbwi yalikuwa thelathini na moja.
Kila alilolikausha alilikata kwa penseli nyekundu
akaandika kando yake: ngano.
Limebaki hili, chini ya kilima cha mawe,
kwa kuwa mwaka ule tingatinga liliharibika giya
na mwaka uliofuata akaharibika yeye.

Mpimaji wa serikali alikuja na buti safi.
Akalizunguka mara moja, akajaza fomu:
hakuna mto unaoingia, hakuna mto unaotoka.
Limejitenga.
Kisheria, akasema, hili si kitu. Ukitaka, lifukie.

Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakufika Dakota mwezi wa Aprili,
miteremko yote ikiachia theluji kwa pamoja
na shimo hili, lililochimbwa na barafu iliyokufa kale,
likizoa, likizoa,
huku bondeni, mjini Verndal,
watu wakitoa magodoro yaliyolowa
kwa maji ya yale thelathini.

Agosti, nyasi zimekuwa karatasi,
kisima cha Gudrun Haaland, maili moja kusini, bado kina baridi.
Hajawahi kuliona dimbwi letu.
Analinywa.

Limejitenga na nani?
Bata hutaga huku juu, katikati ya mabua,
mbali na maji kiasi cha kunitia hasira,
kisha huteremka na vifaranga kumi na mmoja, kwa miguu,
kama mama aliyechelewa kanisani.
Na usiku mmoja wa mvua, Septemba,
taa za trekta zilimwangukia salamanda,
mweusi, madoa ya manjano,
akipanda kilima kutoka majini
kwenda kulala baridi yote kwenye shimo la panya.
Nikazima injini. Dakika tisa.
Mimi ndiye niliyekuwa njiani mwake.

Juzi nilibeba koleo hadi nambari kumi na nne.
Mfereji wa baba ni mwembamba kuliko nilivyoukumbuka.
Nikautupia udongo mpaka giza.
Sijui kama maji yatakumbuka.
Kaka yangu Leif amepiga simu, anahesabu magunia.
Nimemwacha ahesabu.

Nyumbani nikajaribu kuufuta ule mstari mwekundu.
Nikasugua mno, karatasi ikatoboka:
pale palipokuwa dimbwi
pana tundu dogo,
nalo, nikiinua ramani dirishani,
linajaa.