Fungu Langu la Macho

Karafuu za mwaka jana, gunia mbili kasoro pishi,
nilizifikisha kituoni Wete, mizani ikasema lake,
na pesa sikununulia bati.
Nilinunua macho ya watu.

Rauhiya ndiye chanzo, mjukuu wangu.
Avaa vile vigamba viwili, vyembamba kama ganda la kitunguu;
huvibandika kwa ncha ya kidole, apepese kope, basi,
hasomi tena kwa kufinya uso.
"Kila mwezi navitupa, bibi, nanunua vingine."
Nikamuuliza: wangapi watupao kama wewe?
Akacheka. "Hawahesabiki."
Hapo nikaijua biashara.

Mkarafuu huzaa utakapo wenyewe,
ukupe mwaka, ukunyime miwili.
Jicho halina mwaka wa kunyima.

Maalim Shaame nilimwendea kwa hofu ya riba.
Akanambia: gawio si riba, mradi ujue wauzacho.
Wauza kuona, nikamjibu.

Sasa ripoti yaja, kurasa arobaini,
viwanda vya nchi nisizozijua, asilimia juu ya asilimia.
Naikunjua barazani: herufi zaogelea ndani ya tui.
Daktari wa Chake kasema ni mtoto wa jicho,
wa kushoto kakomaa, wa kulia ndiyo kwanza atambaa.
Kwa hao, vigamba vya kampuni yangu havifai kitu.

Basi Rauhiya hunisomea,
taratibu, kwa macho niliyoyawekea fungu,
na akifika penye nambari ya gawio
huinua uso, hunitazama.
Najua. Kimya chake hubadilika.