Kweli Yenye Kwato

Kule Hexham, kaskazini mwa Uingereza,
siku ambayo wino uliganda kidauni
na karani Wetherell akawa anaupasha kwapani,
aliitwa barazani Isott Heslop, mjane,
mikono yake ingali inanuka mafuta ya manyoya ya kondoo.

Shauri: farasi.
Mzee, wa kijivu, anachechemea mguu wa nyuma.
Alionekana zizini kwa Gawen Charlton
siku tatu baada ya mume kuzikwa.
"Nilimnunua," akasema Charlton.
Kwa nani?
"Kwa marehemu."
Marehemu, kama ilivyo kawaida yao, hakuhudhuria.

Sasa lisikilize neno.
Karani alilitoa kinywani taratibu,
kama mtu atoaye mwiba wa samaki:
"Mjane Heslop. Aver?"

Neno la wenye majoho.
Lilivuka mlangobahari na Wanormandi,
Kifaransa juu, Kilatini ndani,
na ndani kabisa, pale linapogusa ngozi, *verus*: kweli.
Kulitamka ni kuichukua kauli yako
na kuisukuma mpaka ifike kwenye kweli,
isimame hapo, iguswe.
Sisi nasi tuna mtambo huohuo:
haki, hakika, hakikisha,
kitenzi kinachoshika jambo legelege
na kulitia mfupa.

Lakini Isott hakuwa na Kilatini.
Kwao mlimani, aver ni mnyama:
farasi wa mkokoteni, wa kuni, asiye na nasaba.
Neno jingine kabisa. Mzazi wake ni "kuwa na":
mali, kilicho chako.
Lilipita njia yake ya matope
hadi likafanana na lile la baraza
kama watu wawili wasio ndugu
waliovaa kofia za fundi mmoja.

"Aver?" karani akarudia.
"Yuko nje," akajibu mjane.
"Mmemfunga kwenye pete ya ukuta wa kanisa.
Anaona baridi."

Wakacheka wenye majoho.
Charlton akacheka kuliko wote.
Hakimu Thirlwell, mwenye jino bovu
na hamu ya kurudi kwake,
hakucheka.
"Mlango," akasema.

Theluji iliingia kwanza.
Mjane hakuapa, hakuinua mkono.
Aligonga ulimi kaakaani,
tk, tk,
kama alivyougonga kila alfajiri miaka kumi na sita,
na huko nje kamba ya Charlton, kamba ya bei ndogo,
ikakatika.

Kwato juu ya mawe.
Polepole; ule mguu wa nyuma.
Farasi akaja hadi mezani,
akalaza taya kwenye bega la mjane,
akapuliza mvuke juu ya daftari.

Wetherell akaandika: aver.
Kisha akasita, kalamu hewani.
Lipi hili? La kuthibitisha, au la kumiliki?
Tone lilikuwa limedondoka kutoka puani mwa mnyama
na herufi ya mwisho imeota mkia.
Akaliacha hivyohivyo.

Farasi hakuyaona majani ya Aprili.
Charlton alitozwa shilingi mbili,
na mpaka anaingia kaburini, kila aliponunuliwa pombe,
alidai kwamba yule alikuwa wake kwa halali.

Alidai, nasema.