Arobaini na Tisa

Tymon ameleta kiboksi kutoka Gliwice,
kanunua kwa mtu aliyeacha michezo akaoa.
Ndani mna prosesa, bapa kama biskuti,
na jina lake lina herufi moja ya ziada.
"Herufi hiyo, baba, ndiyo ufunguo.
Nyingine zimepigwa kufuli kiwandani. Hii haikupigwa."
Nikamwuliza, mbona wameiacha hii?
"Kwa sababu ufunguo nao unauzwa."

Januari, ghorofa ya pili, matofali mekundu ya Nikiszowiec.
Dirisha wazi. Theluji inaingia bila hodi.
Bogumiła kajifunga blanketi mbili,
anatulaani, mimi na mtoto, kwa mkupuo mmoja.
Dawa ya joto kaipaka tone moja, kadiri ya choroko,
kwa uangalifu ambao sijauona akiosha sufuria.

Kisha hesabu. Mapigo mia, mara thelathini na sita:
ndivyo walivyoandika walioitengeneza.
Yeye anataka mara arobaini na tisa.
Anapandisha namba, anapandisha volti, chembe kwa chembe,
kama anayemnywesha mgonjwa uji.
Arobaini na tano. Nyuzi sabini.
Arobaini na saba. Skrini inaganda, inageuka buluu.
Anawasha upya, hata uso hakunji.

Pacha wake, anasema, aliyekatwa sahani moja naye,
huenda anafika hamsini akipiga mluzi,
au anakufa arobaini na nne.
Hakuna ajuaye mpaka amsukume.
Hilo nalijua, nikasema. Nilizaliwa na kaka.

Miaka ishirini na sita nilishuka chini ya mji huu.
Kule nako kulikuwa na namba ubaoni,
na mkuu wa zamu, Kocur, alikuwa na chaki.
Tani mia nne. Akafuta kwa kiwiko, akaandika mia tano.
Hatukuongezewa volti. Tuliongezewa hotuba.
Nguzo za mbao hulia kabla ya kuvunjika,
ndiyo maana tulizipenda kuliko za chuma.
Chuma hakiagi.
Eryk alikuwa akikohoa. Hakuzisikia.

Saa sita usiku. Arobaini na tisa.
Inatafuta namba tasa, Tymon anasema,
zile zile ambazo watu walishazipata.
Za nini basi?
"Za kuona kama itakosea."

Nikaweka sikio ubavuni mwa kasha.
Chini ya feni palikuwa na sauti nyembamba,
mbu ndani ya chupa.
Punguza moja, nikamwambia.
"Baba, nyuzi themanini na sita tu."
Sikubishana. Mimi na vipimo tuliachana zamani.

Saa tisa kasoro ikazima. Si buluu, si chochote,
giza, na feni zikikata pumzi moja moja.
Akangoja. Akawasha.
Herufi nyeupe ziliporudi
ndipo nilipogundua nimeng'ang'ania ukingo wa meza.
Akaandika arobaini na nane.
Hakunitazama alipoiandika.

Akalala kitini, mdomo wazi.
Mimi nikabaki zamuni.
Alfajiri Bogumiła akaingia, akaliona ua lake dirishani,
majani meusi kwa baridi,
akalifunga dirisha kwa kishindo.
Joto likapanda nyuzi tatu.
Nikasikiliza. Likakaa hapo.