Moja kwa Arobaini na Nne

Alhamisi, juu ya duka la magodoro la Jitesh, Makupa,
ngazi yanuka sponji mpya na mkojo wa paka,
twacheza karata.
Nyevu ndiye mgawaji. Mchana huuza mahamri;
usiku huchanga pakiti kama apepetaye mchele,
macho yake kwenye simu.

Nilipewa ree mbili, ya kopa na ya shupaza.
Nikazichungulia pembeni, nikazifunika.
Kukawa kimya ndani yangu,
kama jenereta inapozimwa stima ikirudi.

Shamte fundi cherehani alikuwa na wafalme wawili.
Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu
kwamba Shamte akishika kitu
hunywa chai yake bila kupuliza.

Zikalazwa tatu mezani: saba ya pau,
mbili ya shupaza,
na ree ya uru, dada wa zile zangu.
Ya nne, mfalme wa kopa.
Shamte akasukuma zote.
Nami nikasukuma zote: posho ya Kilindini,
saa ya mkononi,
na bahasha niliyoiandika kwa mkono wangu: FRIJI.

Tukafunua.

Mimi ni karani wa makontena, hesabu hainilali.
Karata hamsini na mbili. Nane zaonekana.
Arobaini na nne zimejificha,
na kati ya hizo ni moja tu iniuayo.
Arobaini na tatu zangu!
Jitesh akamwambia Shamte, "Pole, ndugu,"
na Shamte akainama kutafuta viatu.

Nyevu akageuza.

Mfalme wa shupaza.
Ndevu zake, upanga wake, na uso wa mtu
aliyetumwa kuja kusoma mita ya maji.

Shamte alikuwa amevaa kiatu kimoja.
Akabaki hivyo hivyo, akikusanya.
"Wallahi leo ndiyo mwisho," akasema,
kama asemavyo kila Alhamisi.

Basi kila mmoja akatoa maiti yake.
Jitesh na ree zake za mwaka juzi, Diwali.
Mwakio na rangi moja, tano kopa tupu,
aliyopigwa na mtu aliyedhani anacheza arubastini.
Hakuna aliyemsikiliza mwenziwe.
Kila mtu alingoja zamu ya kulia.

Nikatembea hadi nyumbani. Mbwa wawili, mlinzi mmoja,
mwanamke akifagia mbele ya duka ambalo halijafunguliwa.
La kuvunda halina ubani, hujiambia watu.
Lakini halikuwa limevunda! Hilo ndilo liniumalo.
Lilikuwa bichi, lilikuwa zima,
lilikuwa arobaini na tatu.

Nikakaa sakafuni jikoni na pakiti ya zamani.
Nikapanga mkono ule ule, nane wazi,
nikachanga zilizobaki, nikageuza moja.
Tisa ya uru. Nimeshinda.
Nikachanga tena. Nne ya pau. Nimeshinda.
Nikashinda, nikashinda, hakuna aliyenipa hata ndururu.
Mara ya thelathini na moja akaja yeye, na upanga wake,
na sikuhisi kitu.
Nilimtazama kama jirani.

Ndipo nikaelewa, au nikadhani:
kuja kwake si ajabu, ana haki ya zamu yake.
Mezani Makupa, mezani Ganjoni, popote wanapocheza,
usiku huu huu anabisha mlango wa mtu,
na huyo mtu anauliza, kwa nini mimi.

Mwanasha akaamka kutafuta maji.
Akaona karata, akaona mkono wangu usio na saa.
Nikamweleza yote, pole pole, kwa hesabu:
kwamba nilicheza sawa,
kwamba kesho nikicheza vile vile
nitashinda arobaini na tatu katika arobaini na nne.

Akatoa barafu ya mwisho kwenye kikasha,
ile anunuayo kwa mwenye duka, kumi kumi.
Akaitia kwenye gilasi, ikalia.

"Na hizo arobaini na tatu," akauliza,
"zilipokuja, uliziweka wapi?"